Sifa za Mbung'o wa Katavi

Wanaoisifu Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974 kusini mwa mji wa Mpanda, hawaachi kutaja viboko wanaorundikana katika madimbwi ya Mto Katuma wakati wa kiangazi, wala makundi ya nyati wa mbuga za Katavi na Chada. Ila mbung'o, ambaye wengi humwita ndorobo, huwekwa mwishoni miongoni mwa kero, ingawa ndiye mwenyeji pekee anayemlaki kila mgeni bila kubagua na bila kuuliza kama kiingilio kimelipwa. Haki inadai asifiwe.

Kwanza ni mzazi wa kupigiwa mfano. Nzi wengi hutaga mayai yao na kwenda zao, lakini mbung'o jike humlea buu mmoja mmoja tumboni, akimnywesha maziwa ya tezi zake mwenyewe, kisha humzaa akiwa amekomaa kiasi cha kujichimbia udongoni papo hapo. Usawa wa jinsia nao umezingatiwa katika ukoo huo, kwa kuwa dume na jike wote huishi kwa damu tu, tofauti na mbu, ambao dume lao huridhika na utamu wa maua.

Pili ni mkaguzi wa mavazi asiyehongeka. Huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, ndiyo maana mitego ya kumnasia hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo, na mgeni aliyevaa jinzi akaingia miombo, yaani misitu mikavu inayotanda sehemu kubwa ya Katavi, hurekebishwa kabla ya saa sita mchana, kwani mdomo wa mkaguzi huyu hupenya kitambaa chepesi na dawa za kujipaka hazimtishi sana. Gari liendalo humpendeza zaidi, naye hulifukuza kama amfukuzavyo nyati, hata madereva wakalazimika kufukiza kinyesi kikavu cha tembo ndani ya kopo nyuma ya gari, na abiria wakachagua baina ya moshi, joto la vioo vilivyofungwa, na kung'atwa. Jua likizama hupumzika, na zamu hushikwa na mbu.

Zawadi yake kuu ni malale, ugonjwa unaoletwa na vimelea viitwavyo tripanosoma. Ni kweli, na wapinzani wake wakiri, kwamba mbung'o walio wengi hawana vimelea hivyo. Lakini malale ya Afrika Mashariki huenda kasi, yakianza kwa homa na kuumwa kichwa, pengine na uvimbe palipong'atwa, kisha yakafika kwenye ubongo na kumlaza mgonjwa mchana huku yakimnyima usingizi usiku, na yasipotibiwa huua. Chanjo hakuna. Kwa hiyo mbung'o humfunza msafiri adabu ya hospitali: asikimbilie kumeza dawa ya malaria kwa kila homa, wala asitulizwe na kipimo cha haraka cha malaria, ambacho hakioni tripanosoma, bali aseme wazi alikopita ili damu yake itazamwe kwa hadubini.

Tena ni askari wa misitu asiyedai posho. Vimelea hivyo humletea ng'ombe nagana, ugonjwa wa kukonda na kuishiwa damu, na kwa muda mrefu hofu ya ugonjwa huo iliwazuia wafugaji kuingia misituni, kazi ambayo mabango ya mipaka hayaiwezi. Siku hizi wafugaji wana sindano za kuwakinga ng'ombe, miti inakatwa, na askari huyu anastaafishwa bila kiinua mgongo.

Unguja alipewa heshima kubwa zaidi: madume yalifugwa Tanga, yakalishwa damu ya ng'ombe, yakahasiwa kwa mionzi na kumwagwa kwa ndege hadi ukoo ukakatika, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa huru. Ndugu zao wa Katavi, ambako hakuna bahari ya kuwazuia majirani kurudi, bado hawajaandaliwa usafiri wa ndege.