Spishi za Wajiandaaji wa Chalbi

Elimu ya viumbe imemchunguza ngamia wa nundu moja mpaka ndani ya figo, lakini hakuna aliyejishughulisha na yule kiumbe mwingine anayeonekana mjini Marsabit siku moja kabla ya safari ya jangwa la Chalbi, akihesabu betri. Makala haya yanajaribu kuziba pengo hilo.

Spishi iliyoenea zaidi ni Mhamisha-Nyumba. Hutambulika gizani kwa mlio wa zipu. Hubeba mto, kiti cha kukunja, dawa ya mbu wa nchi isiyo na mbu wengi, na mfuko mmoja ambao hata yeye hakumbuki una nini. Babu yake kitaaluma ni Count Teleki, Mhungaria aliyefika Ziwa Turkana Machi 1888 na msafara mrefu wa wapagazi wa Zanzibar na Pwani, akiwemo Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe kutoka Pangani. Siku hizi mpagazi ni ngamia, naye haki yake ya kulalamika anaitumia yote. Hunguruma kila kamba inapokazwa, wala kelele zake hazifuati uzito: godoro la sponji humliza sawasawa na madumu ya maji.

Wa pili ni Mpima-Maji, anayeamini kwamba nundu ni tangi. Nundu ni mafuta. Ngamia mwenye kiu huweza kugugumia lita 100 kwa dakika chache akaachana na kisima siku nyingi; Mpima-Maji hunywa chupa nzima kabla ya kutoka mjini, kisha huomba msafara usimame. Mpigwa-Picha tusimchambue sana. Amejifunza kufunga kilemba cha Kisahara kwenye video, na upepo wa Turkana humfungulia bure.

Spishi zote tatu, hata hivyo, zina udhaifu mmoja wa kimaumbile: zimejiandaa kwa jangwa, hazikujiandaa kwa kukaa. Ngamia huinuka kwa miguu ya nyuma kwanza, hivyo mgeni husujudu kabla hajajua kuna ibada. Kisha miguu ya mbele nayo hunyooka, na mgeni hutupwa nyuma kutazama mawingu. Akishasimama, mnyama hutembea kwa kupeleka miguu miwili ya upande mmoja kwa pamoja, kulia kisha kushoto, na kila hatua huchukua hisa yake ya ngozi ya paja. Mvaa-kaptura, ambaye ni nususpishi, hapa huangamia mapema. Suruali ndefu isiyo na mshono mnene ndani ya paja ina thamani kuliko mzigo wote wa Mhamisha-Nyumba, na nashangaa hakuna anayeipa hata mstari mmoja kwenye orodha yake.

Mabadiliko ya tabia hufuata. Siku ya kwanza mgeni hupanda kwa kelele. Siku ya pili hukalia upande mmoja. Siku ya tatu hutangaza kwamba jangwa halijulikani ila kwa miguu, akashuka, akatembea sambamba na mchungaji wa Kirendille ambaye hakupanda tangu mwanzo. Kwa Warendille na Wagabra ngamia ni maziwa, ni maji yaliyofungwa kwenye madumu, ni miti ya nyumba inayohama; wanaobebwa ni watoto, wagonjwa na wazee. Kijana mwenye miguu miwili mizima huko juu anatafuta nini?

Hatari ambayo wataalamu wote hawa huipuuza ni mvua. Chalbi ni sakafu ya ziwa la kale, na chumvi yake ikilowa udongo hugeuka utelezi. Unyayo wa ngamia, mpana na laini kwa ajili ya mchanga, hauna cha kushikia hapo, na miguu huweza kupanuka mpaka mnyama aumie vibaya. Basi msafara hukaa na kungoja ardhi ikauke, na betri zote zile zikiwa zimejaa.

Mchungaji mwenyewe ameshindikana kuainishwa. Ana fimbo, akala za tairi, kiberiti, majani ya chai na sukari, na kila jioni spishi zote tatu huhamia karibu na birika lake. Baadhi ya wachunguzi wanapendekeza spishi ya nne, Mgeni-Aliyeleta-Sukari-Yake. Ushahidi bado ni haba, kwa kuwa sukari hiyo huisha kabla mchunguzi hajaipima.