Kiu ya Prado

Mjini Uvira hakuna anayeuliza gari linakula lita ngapi kwa kilomita 100. Watu huuliza linakula dola ngapi mpaka Bukavu, na jibu hutegemea anayeuliza. Shemeji akitaka lifti, gari linakula sana. Mnunuzi akija kuliangalia, halili kitu. Kwa mwenye Prado ya mwaka 1998, ile ya injini ya esanse yenye silinda sita na lita 3.4, swali lenyewe ni uchokozi. Gari lilizaliwa Japani, likatumika huko mpaka wenyewe wakalichoka, likashushwa bandarini Dar es Salaam, likaingia Kongo na usukani wake wa kulia katika nchi inayopita kulia. Kilomita zake zimevuka laki tatu. Au nne. Konteri iliwahi kulala miaka kadhaa, na ilipoamka iliendelea pale pale ilipoishia.

Papa mmoja wa mtaa wa Kimanga, mfanyabiashara wa ndagala, aliishi na Prado ya namna hiyo kwa amani hadi alipogundua kwamba faida ya magunia yake inaishia kwenye tangi. Mtuhumiwa wa kwanza alikuwa kadhafi, kijana wa kandokando ya barabara mwenye meza, faneli na bidoni za manjano. Tuhuma hazikuwa za bure. Bidoni ya lita tano ikipashwa kidogo motoni, kitako chake hubonyea kwenda ndani, na mnunuzi anaondoka na lita nne na ushee akiwa ameshuhudia kwa macho yake bidoni nzima ikimiminwa. Isitoshe, esanse hutanuka kwa joto: nyuzi kumi zikiongezeka, ujazo huongezeka kwa asilimia moja hivi. Wanaoshauri watu wajaze gari alfajiri wanapoteza usingizi bure kwenye stasioni yenye tangi lililozikwa, maana chini ya ardhi joto la mchana na la usiku halipishani sana. Lakini kwa bidoni iliyoshinda kwenye jua la Uvira, wana hoja. Uzushi nao huwa na mji wake.

Papa alikwenda kudai haki yake mwaka 2024, wakati mbaya kuliko wote. Bujumbura ilikuwa imekauka, na wenye magari wa huko walikuwa wanavuka mpaka wa Kavimvira kutafuta esanse Uvira. Kadhafi hakuwa na nafasi ya kujibizana kuhusu vitako vya bidoni.

“Papa, unachukua ao hauchukui?”

Alichukua. Akachukua na nyingine za akiba, akazipanga nyuma ya kiti kabla bei haijapanda tena. Mama wa nyumbani alipoziona hakusema mengi: yeye ni mtu wa Sange. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka pale Sange, watu wakakimbilia kuchota, wengine wakiwa ndani ya vibanda wanaangalia mpira wa Kombe la Dunia, na moto ulipolipuka ulichukua watu zaidi ya 230. Bidoni zilishuka kwenye gari jioni hiyo hiyo, na hilo halikujadiliwa.

Ikabaki kupima. Mtoto wake aliyesoma alimweleza njia ya kweli: jaza tangi mpaka pampu ikatike, andika kilomita, tembea, jaza tena mpaka ikatike, kisha gawa lita kwa kilomita, zidisha kwa 100. Papa akajaza, akatembea, akagawa, akapata lita 21 na ushee. Alikaa chini. Kilichosahaulika ni mapine. Yaliyokuja na gari yaliisha zamani, na nafasi yake ilichukuliwa na mengine makubwa zaidi, ya kutisha matope. Pine kubwa huzunguka mara chache kwa mwendo ule ule, kwa hiyo konteri huhesabu pungufu. Pine likizidi mzunguko wa lile la kiwandani kwa asilimia tano, katika kila kilomita 100 karibu tano hazifiki kwenye daftari. Mapine yale yalikuwa yanakula esanse kwa uzito wake, halafu yanaficha ushahidi.

Hapo ndipo waganga walipoingia. Wa kwanza aliuza sumaku ya kufungwa kwenye mpira wa esanse ili, kwa maelezo yake, “kupanga chembe.” Wa pili alikuwa na kidonge cha kutupwa tangini. Huko Marekani, idara ya serikali ya kulinda mazingira imekuwa ikipima vifaa vya aina hii tangu miaka ya 1970, zaidi ya 100, na haijapata hata kimoja kinachopunguza ulaji kwa kiasi cha maana. Sumaku hiyo ingali kwenye Prado. Imeshika boliti mbili zilizodondoka, na hiyo ndiyo huduma pekee iliyowahi kutoa.

Fundi mzee wa Mulongwe hakufungua boneti. Aliomba gari lizungushwe mtaani mara moja, likarudi, akainama, akatema mate kwenye rimu ya mbele kulia. Mate yakachemka. Akahamia rimu ya kushoto, akatema tena: yakateremka taratibu hadi chini.

“Mukubwa, unatembea na frein mguu haujakanyaga.”

Pistoni ya breki ilikuwa imeshika kutu, plaketi zimeng'ang'ania diski, na kwa muda usiojulikana esanse ya Papa ilikuwa inapasha moto chuma. Kisha fundi akaingia ndani, akaona kwenye dashibodi kipande cha skochi nyeusi kilichobandikwa kwa ustadi, akakibandua. Taa ya injini ikamkodolea jicho la manjano. Fundi mwingine alikuwa ameitibu taa hiyo kwa skochi, na Papa alimlipa. Chini ya taa kulikuwa na kaptere ya oksijeni iliyokufa. Kazi yake ni kunusa moshi na kuiambia kompyuta kama esanse imezidi. Ikifa, kompyuta hubahatisha, na mara nyingi hubahatisha kwa ukarimu. Ulaji unaweza kupanda kwa hadi asilimia 40.

Ushauri wa magazeti ya Ulaya husisitiza kuondoa galeri ya juu kwa sababu ya upepo. Ni kweli, mkinzano wa hewa huongezeka kwa mraba wa mwendo, lakini kwenye barabara ya taifa namba 5, kati ya mashimo ya uwanda wa Ruzizi, anayefikia mwendo wa kusumbuliwa na upepo ana matatizo makubwa kuliko esanse. Galeri iliondolewa kwa sababu ya uzito, ikawekwa uani. Nyuma ya gari zikatoka jeki mbili, mnyororo, gia-boksi ya gari lingine kabisa na mfuko wa saruji uliokuwa umeganda na kuchukua umbo la kona yake. Kila kilo 45 hivi hugharimu kama asilimia moja, na deni hilo husikika zaidi kwenye mlima. Uvira iko karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari, Bukavu karibu 1,500. Kunyanyua tani mbili kwa tofauti hiyo pekee kunadai lita moja na nusu ya esanse au zaidi kidogo, na hakuna sumaku inayopunguza mlima.

Madereva hujaribu kurudishiwa deni hilo wakishuka mlima wa Ngomo: wanatoa gia, gari linateremka lenyewe, wanahesabu esanse iliyobaki. Kwenye injini ya injeksheni hesabu hiyo imegeuzwa. Gia ikiwa imeingia na mguu umetoka kwenye pedali, kompyuta hukata esanse. Gia ikitolewa, injini lazima inywe ili isizimike. Na anayezima injini kabisa hupoteza nguvu ya breki na usukani katika mteremko ambao chini yake kuna mabaki ya waliotangulia kufikiri hivyo.

Breki ikafunguliwa, kaptere ikabadilishwa, mapine yakajazwa upepo sawasawa. Tangi kwa tangi, Prado ikashuka hadi lita 15 na kidogo, yaani kiasi ambacho injini ile, ikiwa nzima, imezoea kunywa kwenye barabara kama hizi. Papa akafurahi kupita kiasi.

Kosa lake ni kwamba alisimulia. Habari ilizunguka Kimanga siku hiyo hiyo, na kabla ya chakula cha jioni mama kiongozi wa kwaya alikuwa mlangoni.

“Papa, tumesikia gari siku hizi halili.”

Jumapili Prado iliondoka kwenda Kiliba na wanakwaya tisa ndani, galeri imerudishwa juu kwa boliti mbili zilizobanduliwa kwenye sumaku, ngoma na kinanda vimefungwa juu yake. Kiti cha mbele alikaa fundi mzee wa Mulongwe, maana naye anaimba besi.