Msimwambie Akashushe, Hana Rezo

Mtcheew! Hukumu imeshatolewa, tena kwa sauti kubwa, hapa Uvira, toka bandarini Kalundu hadi mpakani Kavimvira: Linux haina rezo, yaani haishiki mtandao. Mwanafunzi amewekewa Linux kwenye mashini yake, amefika nyumbani, alama ya waifai haionekani. Kesho yake ameipeleka kwa fundi wa kwanza aliyemkuta barabarani, na fundi amefuta kila kitu, amemrudishia Windows ya kunakili. Dola zimetoka, kazi za shule zimepotea, jina la Linux limechafuka mtaa mzima. Na sisi hapa kijiweni tunatikisa vichwa kana kwamba kesi imekwisha. Haijaisha. Tunamlaumu asiyekosa.

Mjue kwanza kwa nini mambo haya yametujaa sasa. Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inadai chipu ya TPM 2.0 na prosesa ambazo mashini nyingi za okazioni, yaani za mitumba, zinazofika kwetu hazina. Mwenye mashini ya zamani abaki bila kinga, anunue nyingine, au aweke mfumo wa bure ambao bado unatunzwa. Kwa mtoto wa Nyamianda au Mulongwe anayeandika TFC yake, kazi ya kumaliza masomo, huku akihesabu franga za mega, hiyo ya mwisho ndiyo njia ya akili. Ndiyo maana inaniuma kuona anafukuzwa kwenye njia hiyo siku ya kwanza, kwa kosa linalotengenezeka kabla chai haijapoa.

Kinachoniudhi hasa ni ushauri anaopewa. Anamwuliza yaya mmoja, kaka mkubwa mwenye kujua, yaya anamjibu: ingia mtandaoni, shusha draiva, programu ya kuendeshea kadi ya waifai. Jamani! Mtu amekuja kwa sababu hana rezo, unamtuma akachukue dawa huko huko kwenye rezo? Na si yaya peke yake. Chukua kadi za waifai za Broadcom, zilizojaa kwenye mashini za miaka ile ya nyuma. Programu ndogo inayoiamsha kadi hiyo ni mali ya kampuni, na sheria zake zimewazuia watu wa Debian, aina mojawapo ya Linux, kuigawa wenyewe. Wakatengeneza kifurushi kinachoitwa firmware-b43-installer, ambacho kazi yake ni kwenda mtandaoni kuileta hiyo programu. Kwa aliyeko Helsinki mwenye kebo ya intaneti ukutani hilo si neno. Kwa aliyeko Kimanga, kadi haiamki bila programu, na programu haiji bila kadi.

Debian wenyewe waliona tatizo hili. Mwaka 2022 walipiga kura, na Debian 12, iliyotoka Juni 2023, ikaanza kuja na programu za namna hiyo ndani ya faili la kusakinishia, zile zinazoruhusiwa kugawiwa. Kadi nyingi za Intel na Realtek zilipona hapo. Broadcom za zamani bado zinasumbua. Linux Mint nao wana utaratibu mzuri: draiva zinazotafutwa sana zimo kwenye flashi ile ile uliyosakinishia, unaichomeka tena, unafungua meneja wa draiva, inazichukua humo. Fundi asiyemwambia mteja wake hilo, na akaondoka na flashi yake mfukoni, amemwacha njiani.

"Lakini kwa Windows ilikuwa inashika!" Motari mmoja, mwendesha pikipiki, alinikatiza hivyo, na neno lake ni la haki. Ilikuwa inashika kwa sababu aliyeiuza mashini mara ya kwanza alikwisha kuiwekea draiva zote kiwandani. Ukiifuta hiyo Windows na kuweka nyingine tupu, wakati mwingine utakuta kadi hiyo hiyo imelala.

Sasa, njia ya kumtoa mtu hapo ipo, na anayo mfukoni: simu. Chomeka simu ya Android kwenye mashini kwa kebo ya USB, ingia kwenye mipangilio, washa kushirikisha intaneti kwa USB, ile ambayo simu zetu za Kifaransa zinaiita partaji. Linux inaiona simu kama kebo ya mtandao ya kawaida. Haidai draiva ya waifai, haidai neno la siri. Ikishika, ndipo ushushe draiva ya kadi, na megabaiti zinazotumika ni chache. Ila angalieni kebo: nyingi za sokoni zina nyaya za kuchaji tu, hazipitishi data, na mtu atakesha akidhani simu yake imekataa. Ukiruhusu simu kuhamisha faili na bado mashini haioni hata picha zilizomo ndani yake, badilisha kebo kwanza.

Bomba likikauka, mama wa Kasenga hatoboi ukuta. Anauliza jirani kama kwake maji yanatoka, halafu anaangalia mita, halafu bomba la uani. Rezo nayo ina mpangilio wake. Jirani ana rezo kwenye simu yake? Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa Kongo nzima na ikarudi karibu wiki tatu baadaye. Siku hizo hakuna draiva ambayo ingemsaidia mtu. Kama jirani anayo, angalia kama kadi imezimwa. Mashini nyingi za zamani zina swichi ndogo ubavuni au kitufe chenye mnara, na mtoto anaweza kuwa ameigusa. Andika rfkill list kwenye terminali, itakuambia kama kadi imefungwa kwa swichi au kwa programu. Kama haimo kabisa kwenye orodha hiyo, basi mara nyingi ni draiva, rudi kwenye kebo ya simu. Kama kadi ipo na imeunganishwa lakini kurasa hazifunguki, andika ping 8.8.8.8. Namba ikijibu na majina ya tovuti yakakataa, ni DNS tu, ile inayogeuza majina kuwa namba, unaibadilisha kwenye mipangilio ya muunganisho. Namba nayo ikinyamaza, tazama simu inayokugawia.

Na simu yenyewe ina ugonjwa wa hapa kwetu. Sisi tunaishi mkabala na Bujumbura, ziwa liko wazi katikati, mawimbi hayaombi visa. Ukikaa Kavimvira au ufukweni, simu yenye laini ya Kongo inaweza kuushika mnara wa Burundi bila kukuuliza. Data za nje zikiwa zimezimwa, intaneti inakufa, mashini iliyoungwa na simu inakufa nayo, halafu tunasikia tena: Linux. Ingia kwenye mipangilio ya simu, toa uchaguzi wa mtandao wa moja kwa moja, chagua kampuni yako kwa mkono.

Kuna ugonjwa mwingine unaowachanganya hata mafundi: saa. Ndani ya mashini kuna betri ndogo ya duara, mara nyingi CR2032. Kwenye mashini za okazioni mara nyingi imeshakufa, na ukichomoa umeme tarehe inaweza kurudi nyuma miaka mingi. Waifai inashika vizuri, lakini kivinjari kinaweza kupiga kelele kwamba tovuti si salama, kwa kuwa vyeti vya usalama vina tarehe, na mashini inaamini vyeti hivyo havijazaliwa bado. Ukijaribu kuongeza programu, apt, inayozileta, inajibu kwamba orodha haijaanza kutumika. Mwanafunzi anasoma maneno hayo, anadhani ameingiliwa na virusi. Arekebishe tarehe kwa mkono, kila kitu kitafunguka. Halafu anunue hiyo betri.

La klavye nalo limewaliza wengi. Mashini zilizotoka Ubelgiji na Ufaransa zina AZERTY, zilizopitia Dubai zina QWERTY. Wakati wa kusakinisha mtu anachagua Kifaransa kwa sababu ndicho alichosomea shuleni, na mfumo unamwekea AZERTY juu ya vitufe vya QWERTY. Akiandika neno la siri la waifai haoni herufi, anaona nukta. Anabonyeza a, inaingia q. Anarudia mpaka anakata tamaa. Kuna kitufe cha kuonyesha neno la siri, akibonyeze, atajionea mwenyewe. Lugha na klavye ni vitu viwili, vinachaguliwa mbali mbali.

Kwenye kusakinisha kwenyewe, wasiwasi wangu mkubwa ni umeme. Umeme wetu unatoka kwenye mabwawa ya Ruzizi, na kila mtu wa Uvira anajua unavyokatika. Mashini ambayo betri yake haishiki dakika tano, ukaianzishia kazi ya kugawa diski, umeme ukaondoka katikati, unaweza kubaki na diski isiyo na Windows wala Linux. Mafundi wangu, msianze kazi hiyo bila betri nzima au bila kuunganisha na sola. Na kabla ya kugawa diski ya mtu, kazi zake zinakiliwa pembeni. Sitaki kusikia kisingizio hapo. TFC ya mtu ni miaka ya ada ya wazazi wake.

Kabla ya kufuta chochote, washa Linux kutoka kwenye flashi bila kusakinisha. Ubuntu, Mint na nyingine nyingi zinaruhusu. Uiunganishe na rezo humo humo, ujaribu sauti na ujaribu kamera. Kama kadi ya waifai imelala hapo, itaonekana mapema, Windows ikiwa bado ipo na draiva bado inaweza kutafutwa. Fundi akifanya hivi mbele ya mteja, nusu ya malalamiko ya kijiwe hiki yatakwisha.

Faili lenyewe linatoka wapi? Ubuntu 24.04 inakaribia giga 6, Mint 22 inakaribia giga 3. Mtu anaona Debian ndogo, chini ya giga 1, anaikimbilia kwa huruma ya mega zake, kumbe hiyo ndogo inavuta vilivyobaki kutoka kwenye rezo wakati wa kusakinisha. Asiye na rezo ya kutegemea achukue kubwa. Tena si lazima kila mtu ashushe ya kwake. Leseni inaruhusu kunakili na kugawa, hakuna mwizi hapo. Mmoja ashushe usiku mega zikiwa nafuu, wengine wapokee kwa flashi. Canonical, wenye Ubuntu, waliwahi kuwatumia watu CD za bure kwa posta mpaka 2011, wakijua kwamba si kila mtu anaweza kushusha. Kinachotakiwa ni kuhakiki: andika sha256sum na jina la faili, linganisha na namba iliyotolewa na wenyewe. Rezo ikikatika katikati ya kushusha, au flashi ikiwa ya bandia inayodai giga 64 na uwezo huo haina, kusakinisha kutakwama kwa makosa yasiyoeleweka, na mtu atatafuta siku nzima kosa lililokuwa kwenye faili tangu mwanzo.

Rezo ikishapatikana, iambieni mashini kwamba mega zinalipiwa. Kwenye mipangilio ya muunganisho kuna sehemu ya kuutaja kuwa ni wa kupimwa. Kwenye Ubuntu izuieni snap, inayoleta programu zake, isijisasishe ovyo: snap refresh --hold. Bila hivyo, forfait ya wiki inaweza kuisha asubuhi moja na mwenyewe hajafungua hata ukurasa mmoja.

Basi wewe kaka unayemwekea mtu Linux, usimruhusu apande gari la Makobola au Baraka akiwa na matumaini tu. Zima mashini mbele yake, mpe aiwashe yeye, aiunganishe na rezo kwa mkono wake, mara moja kwa waifai na mara moja kwa kebo ya simu. Kisha mwachie flashi yenye faili la kusakinishia, na kando yake vile vifurushi vya draiva vinavyobaki kwenye /var/cache/apt/archives ukivisakinisha kwa apt-get, kwa sababu kadi ikilala tena huko ziwani kusini, hatakuwa na mtu wa kumwuliza.