Ushauri kwa Wasafiri Wenye Mashaka: Barua Kuhusu Ljubljana

Safari ya kwanza ya kwenda mji mkuu mdogo wa Ulaya huzaa matatizo ambayo safari ya London au Paris haiyazai, kwa kuwa mgeni wa mji mkubwa husumbuliwa na umbali, ilhali mgeni wa mji mdogo husumbuliwa na saa, majira ya mwaka na jamaa wasioamini kwamba mji huo upo. Barua zilizoifikia safu hii zinahusu Ljubljana, mji mkuu wa Slovenia wenye wakazi wapatao 300,000, na zinajibiwa kwa kadiri ya uzito wake, ambao haulingani.

Barua ya kwanza ni ya bwana harusi mtarajiwa aliyekabidhiwa na mchumba wake kazi ya kutafuta hoteli ya fungate, akailipia kwa majigambo, kisha ikabainika kuwa hoteli hiyo iko Bratislava. Bratislava ni mji mkuu wa Slovakia, nchi iliyozaliwa mwaka 1993 Chekoslovakia ilipogawanyika, ilhali Slovenia ilijitenga na Yugoslavia mwaka 1991. Na mwenye barua apate faraja kwamba George W. Bush alizichanganya nchi hizo mbele ya mwandishi wa habari mwaka 1999, na bado akapata urais wa Marekani. Hata hivyo, kosa hilo lirekebishwe kabla ya siku ya kupeleka maombi ya viza. Nchi zote mbili zimo katika eneo la Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa pasipoti kwenye mipaka iliyo baina yao na zinazotambua viza moja, na kanuni za eneo hilo zinamtaka mwombaji apeleke maombi kwa nchi atakayokaa siku nyingi zaidi, tena si mapema kuliko miezi 6 wala si chini ya siku 15 kabla ya safari, akiwa na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Afisa wa viza atakayekuta hoteli ya Bratislava ndani ya maombi ya Ljubljana hatafikiri kwamba kijana amechanganywa na mapenzi. Kuhusu kumweleza mchumba, inashauriwa bwana harusi afanye hivyo mwenyewe, kabla shangazi zake hawajamtangulia.

Msomaji mwingine, mhasibu kwa kazi yake, ameambatanisha jedwali la siku mbili lililojaa vivutio, kila kimoja kikiwa kimetengewa nusu saa, pamoja na safuwima ya nauli za teksi, na anauliza iwapo muda utatosha. Muda utabaki, na hapo ndipo tatizo lake lilipo. Katikati ya mji palianza kufungwa kwa magari mwaka 2007, hivyo safuwima ya teksi ifutwe yote: kutoka Daraja la Joka la mwaka 1901, ambalo majoka yake hupigwa picha kuliko waziri yeyote wa nchi hiyo, hadi Tromostovje, yaani Daraja Tatu, ni mwendo wa dakika chache kando ya mto Ljubljanica, na asiyejiweza kwa miguu hubebwa bure na vigari vya umeme viitwavyo Kavalir. Kinachokula muda ni kutazama, kwa kuwa sehemu kubwa ya mji huu imepita mikononi mwa mtu mmoja, msanifu majengo Jože Plečnik (1872–1957), mzaliwa wa hapo aliyefanya kazi Vienna na Prague, akarejea kwao mwaka 1921 na kuonyesha kipaji adimu cha kutobomoa. Pale Tromostovje palikuwa na daraja la mawe la mwaka 1842 lililoelemewa na msongamano. Plečnik hakulibomoa, bali aliliongezea vidaraja viwili vya waenda kwa miguu, kimoja kila upande, kazi iliyokamilika mwaka 1932. Soko lenye safu ya nguzo kando ya mto ni lake, kingo za mto zenye ngazi ni zake, na maktaba ya taifa, ambayo kuta zake zimechanganya matofali na mawe yaliyochomoza, nayo ni yake. Kazi zake za mjini humo ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2021. Mhasibu achague mambo manne kwa siku na kuacha mistari iliyobaki wazi, ingawa inafahamika kwamba jambo hilo huwaumiza watu wa taaluma yake.

Bibi mmoja anayesafiri na mamamkwe wake, mshika dini, anauliza kama mjini kuna jambo la kuona haya. Lipo, tena mahali pasipokwepeka. Katika uwanja mkuu imesimama sanamu ya mshairi France Prešeren, iliyozinduliwa mwaka 1905, na juu ya kichwa chake ameketi Muza, yaani mungu wa kike wa sanaa katika visasili vya Kigiriki, ambaye nguo yake haikufika kifuani. Kwa kuwa kanisa liko hapo hapo, malalamiko yalikuwa makubwa. Mamamkwe aelekezwe kule anakotazama mshairi, kwenye ukuta wa nyumba ya mtaa wa Wolfova wenye sura ya Julija Primic, binti wa tajiri ambaye Prešeren alimpenda bila kupendwa, akaolewa na mwingine. Kisa hicho kitawapa wakwe hao mazungumzo hadi saa ya chakula.

Anayefika Jumapili na kutarajia kununua vyakula dukani ajue kwamba tangu mwaka 2020 sheria inafunga maduka mengi siku hiyo. Migahawa na vituo vya mafuta hubaki wazi.

Wa mwisho anasafiri mwezi Novemba na anauliza kama atarudishiwa fedha ikiwa ngome iliyo juu ya kilima haitaonekana kwa ukungu. Hatarudishiwa, na ukungu wa majira hayo huweza kutanda bondeni mchana kutwa. Ikiwa likizo haisogezeki, aende Postojna, kwenye mapango yaliyo umbali wa kama kilomita 50, ambako watalii huingizwa kwa treni ndogo chini ya ardhi na hali ya hewa ya nje haina usemi. Ila humo ndani joto hukaa karibu nyuzi 10 za Selsiasi mwaka mzima, hivyo koti asiliache hotelini.