Waliotangulia Kununua

Katika watu ambao dunia huwasifu kwa kutangulia, kisha ikawaadhibu kwa kutangulia kukohuko, sijui kama wako waliofikwa na madhila ya kuchekesha kuliko sisi tulionunua televisheni za HD hapa Marekani katika miaka yake ya mwanzo, matangazo yalipoanza mwaka 1998 na bei ikawa ya maelfu ya dola, fedha ambazo mtu mwenye akili timamu angalinunulia gari. Yangu ilikuwa ya kizamani, yenye mirija ndani na mgongo mpana, nzito kiasi kwamba vijana walioiingiza sebuleni kwetu Columbus, Ohio, walipoombwa kwa taadhima kuisogeza kidogo upande wa dirisha, walitazamana, wakaaga. Na tangu siku hiyo makochi ndiyo yanayoifuata yenyewe.

Nyuma yake palikuwa na matundu matatu, la kijani, la buluu na jekundu, na katika nyaya za rangi hizo picha ya mistari 1080 ilipita bila kuulizwa itokako wala iendako. Uhuru huo ndio uliotuponza. Wenye filamu waliziona nyaya zile kuwa uchochoro wa wezi, na sikatai kwamba walikuwa na sababu ya kutishika, maana kufuli ya diski za DVD ilikuwa imekwisha kuvunjwa mwaka 1999 na siri yake kuzagaa duniani. Basi ikabuniwa kinga iitwayo HDCP, ikaja kukaa katika tundu la DVI, kisha katika HDMI, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwishoni mwa 2002, wakati televisheni yangu imekwisha kuuzoea ukuta wake. Hikima ya kinga hiyo ni kwamba chombo kinachocheza diski hakiachii picha mpaka kwanza kipige hodi kwenye kioo, na kioo nacho kiitikie kwa funguo za siri ambazo kilitiwa kiwandani, 40 kwa kila chombo. Kikiitikia sawasawa picha huingia, kikinyamaza mgeni hugeuka akaenda zake, hata kama mwenye nyumba amesimama mlangoni na risiti mkononi.

Shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, mtu wa mali nyingi na subira haba, alikuwa na projekta ya fahari yenye tundu la DVI lililoundwa bila kufunzwa kuitikia hodi hiyo. Usiku wa Idi alitualika wote, wazee mbele, watoto zuliani, sambusa zikizunguka, akatia diski mpya kwa bismillahi. Ukutani pakatokea weusi, na katikati ya weusi maandishi madogo yaliyotuarifu kwamba kioo hiki hakina idhini. Shemeji akachomoa, akachomeka, akazima, akawasha, akaupuliza waya, akaukemea kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na maandishi yakabaki palepale kwa adabu zake zote. Mzee mmoja wa Lamu, aliyekuwa kimya tangu magharibi, akauliza, "Mwanangu, kwani filamu hii hukuilipia?"

"Nimeilipia, mzee wangu."

"Na hicho chombo?"

"Nacho nimekilipia."

"Basi chakuuliza nini?"

Hapana aliyekuwa na jawabu, nasi tukarudi kwenye sambusa.

Mimi, kwa kuwa televisheni yangu ilikuwa na nyaya tatu tu na haikuwa na mlango wa kupigiwa hodi, nilidhani nimesalimika. Nikanunua deki ya DVD ambayo kasha lake liliahidi kuikuza picha hadi mistari 1080, na kwa hakika iliikuza, ila kwa njia ya HDMI peke yake. Katika nyaya zangu haikutoa zaidi ya 480, jambo lililoelezwa katika kijitabu chake kwa herufi ambazo chungu angalizisoma kwa miwani. Zilipokuja Blu-ray mwaka 2006 nilipata faraja, kwa kuwa deki yangu ya kwanza ilinipa picha nzima kwa nyaya zilezile, ijapokuwa ndani ya diski palikuwa na nafasi ya alama ambayo studio ikitaka kuiamsha, picha hupunguzwa hadi nukta 960 kwa 540, yaani robo ya ile niliyoinunua. Deki hiyo ilikufa kifo chake cha kawaida. Nilipokwenda dukani mwaka 2012 kutafuta mrithi wake, nikakuta makubaliano ya kinga za Blu-ray yamekwisha kuamuru kwamba deki mpya zitoe kwa nyaya za namna yangu picha duni ya zamani tu, na baada ya 2013 zisitoe kabisa. Kijana wa duka alinisikiliza kwa huruma, akanishauri ninunue televisheni nyingine. Nilipomuuliza nani ataibeba ya kwanza, akamwita meneja.

Wako waliosema dawa ni kijisanduku cha kuivua picha kinga yake njiani, lakini sheria ya hakimiliki ya 1998 inakataza kuuza vyombo vilivyoundwa kwa kazi hiyo, nami sikutaka kuwa mhalifu kwa ajili ya kutazama katuni na wajukuu. Na wezi waliokusudiwa na ulinzi wote huu? Ufunguo mkuu wa HDCP ulivuja hadharani Septemba 2010, na mpwa wangu mmoja, ambaye sijapata kumwona akinunua diski, alichomeka kompyuta yake katika televisheni yangu, filamu ikaja safi, bila hodi wala salamu.

Anayefaidi mali yangu kwa ukamilifu ni mama mkwe. Tume ya mawasiliano, FCC, iliamua mwaka 2003 kwamba vyombo vya kupokea matangazo ya hewani navyo vitii alama ya kuzuia picha kusambazwa ovyo, lakini mahakama ya rufaa ya Washington ikaitangua amri hiyo Mei 2005 kabla haijaanza kutumika, kwa hoja kwamba tume haikuwa na mamlaka hayo. Basi picha ya bure hudakwa na antena ya dirishani, hushuka kwenye king'amuzi, hupita katika nyaya zangu tatu bila kupunguzwa hata chembe, nayo ni nzuri ajabu. Yeye hutazama besiboli. Kanuni zake hazijui, na akielezwa hukasirika. Shemeji akija na diski mpya kujaribu bahati yake kwetu, mama yake humwambia bila kugeuza uso, "Iweke mezani, baba, mechi ikiisha tutaitazama," na besiboli, kwa wasioijua, haina saa ya kwisha.