Pete ya Idete

Nyimbo zangu zinapimwa na Mjomba, na kipimo chake ni kwelea kwelea. Wimbo ukiwatimua ndege shambani, ni mzuri. Wakibaki, mtunzi arudi darasani. Kwa kipimo hicho nyimbo zangu za mapenzi zimefeli zote: ndege wanatulia juu ya mashuke ya mpunga wa Supa na kula taratibu kama waalikwa wa harusi. Uliofaulu kuliko zote ni ule wa mkopo wa mbolea, niliouimba kwa hasira.

Nadhiri niliiweka tulipomaliza kupanda: wimbo mmoja kila siku, hadi gunia la mwisho litoke shambani. Nilikuwa nimesikia habari za Mmarekani Jonathan Mann, aliyeanza kutunga wimbo kila siku tarehe 1 Januari 2009 na kupitisha miaka zaidi ya kumi bila kuruka siku. Nikajiambia, mimi ninayeshinda juu ya dungu nikiamia ndege, kazi ambayo sharti lake ni kelele, nitashindwaje? Ila mwenzangu ana dunia nzima ya kuimba. Mimi nina kijiji cha Idete.

Sasa mavuno yanakaribia na mada zimekwisha. Mbu nimewaimba hadi wenyewe wamechoka. Bonde letu limewapa watafiti kazi tangu Waswisi walipofungua maabara yao Ifakara miaka ya 1950, nami nimetunga wimbo wa mbu wa jioni, wa mbu wa alfajiri, na wa yule anayetangulia kuingia kwenye chandarua akakusubiri. Nimeimba kambale, nimeimba matope, nimeimba honi ya treni ya TAZARA. Simu imejaa, ili nirekodi wimbo wa jana nimefuta picha za harusi ya binamu, na binamu bado hajaambiwa. Mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe, mwana wa Morogoro mwenzetu, alifariki mwaka 1979 akiwa na miaka 34 tu, na nyimbo zake wazee hawajaacha kuzipiga. Mjomba hunikumbusha hilo kila nikianza kuimba kambale.

Lakini balaa lenyewe limeletwa na vina. Nilitaka kijiji kitajwe katika kila kiitikio, na Idete ukiiweka mwisho wa mstari itakudai lete, kete au pete. Kete ni za wacheza bao. Basi ikawa pete asubuhi, pete jioni, naileta pete, naileta Idete. Watoto wa shule wakaudaka wimbo wakipita, wakaupeleka majumbani. Haikupita wiki, mama muuza maandazi akanipa hongera na andazi la bure, nikala. Jirani akaniuliza kama mahari ni ng'ombe au fedha taslimu.

"Hakuna mahari," nikamwambia. "Ni kina tu."

"Kina," akasema. "Jina zuri. Binti wa nani?"

Habari zikafika Ifakara kabla sijashuka kwenye dungu. Shangazi, ambaye amekuwa akisubiri siku hii kwa muda mrefu kuliko mimi, akatafuta mshenga, mzee makini mwenye baiskeli yake. Mzee amemuulizia Kina katika kijiji kizima cha Mbingu, kisha akaenda hadi Mngeta. Jana jioni amepiga simu. Amempata binti wa heshima, mkulima hodari, haitwi Kina, lakini baba yake yuko tayari kulibadilisha jina.