Namna ya Kuupamba Ukuta Usio Wako

Anza kwa kumheshimu mwenye nyumba. Amekupa kuta nne za rangi ya maziwa, amepokea kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na siku utakapohama atazikagua kuta hizo kwa macho mawili na vidole kumi. Kabla hujashika nyundo, piga picha kila ukuta pamoja na matundu uliyoyakuta. Hayo ni ya mpangaji aliyetangulia, usikubali kuyarithi.

Kisha tafuta mahali pa kutundika pasipodai tundu jipya. Fleti nyingi za Dar es Salaam zina nondo madirishani na bomba la pazia lililokwisha kufungwa, na kamba ya katani ikipita hapo inabeba mengi. Ukilazimika kupigilia, nunua misumari ya zege. Msumari wa mbao ukikutana na tofali la saruji hupinda na kuondoka na bonge la plasta. Usipigilie juu wala chini ya swichi. Nyaya hupita humohumo ndani ya ukuta, na hakuna pambo linalostahili urushwe na umeme kwa ajili yake.

Sasa kanga, na hapa tukae kitako. Doti ni vipande viwili: kimoja uvae, kimoja utundike. Kanga ina pindo pande zote nne, mji katikati, na jina upande wa chini wa mji. Hilo jina ndilo lenye kazi. Mgeni akishakaa kwenye kochi atalisoma kabla hajapewa chai, na kama ni la kijembe, shangazi atajua limemlenga yeye hata ukiapa. Wanawake wa pwani wamesutana kwa kanga vizazi na vizazi bila kufungua kinywa. Wewe utundike kijembe sebuleni mwezi mzima, utegemee watu waone maua tu? Lisome jina dukani, tena kwa sauti, huku ukiwapitisha kichwani wote wanaoingia kwako bila kubisha hodi. Likimchoma mmoja wao, chukua kanga nyingine.

Kanga mpya iloweke kwanza kwenye maji ya chumvi isije ikachuja rangi. Kunja ukingo wa juu, ushone mfereji mwembamba, upitishe ufito, ufunge kamba pande mbili. Iweke mbali na jua la mchana, kwa kuwa nyekundu hupauka upesi. Wapo wanaoikata ili itoshe kwenye fremu, na kinachotupwa kwanza ni jina. Hiyo ni kanga iliyokatwa ulimi. Na bibi akikupa kuukuu yenye maandishi ya Mali ya Abdulla, ujue imetoka katika nyumba ya biashara ya Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, iliyoanza mwaka 1887. Mkasi usiisogelee.

Kazi ya ukindu nayo inafaa ukutani: mkeka, msala, kitanga, na hasa kawa, kile kifuniko cha chakula chenye kichwa kilichochongoka. Panga kawa za ukubwa mbalimbali, ncha zikitazama sebuleni, na ukuta mzima utachangamka. Ila kuta za pwani hutoka jasho wakati wa masika. Weka kipande cha mti nyuma ya mkeka ili hewa ipite, la sivyo ukungu utaanza kula upande usiouona.

Anayesema sanaa ni ya wenye fedha na amkumbuke Edward Saidi Tingatinga. Alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwenye vipande vya hadibodi, kwa rangi za kung'aa za kupaka baiskeli, na picha zake zikawa zinauzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay. Alifariki mwaka 1972, na mtindo mzima ukabaki na jina lake. Basi mwombe seremala wa mtaani mabaki ya hadibodi, nunua kopo dogo la rangi ya mafuta, uchore kuku. Nasema kuku kwa sababu hakuna atakayehesabu madoa yake. Rangi hiyo ina harufu kali na haikauki kwa saa moja, kwa hiyo fanyia kazi barazani, watoto wakiwa shule.

Mitumba ina fremu nzuri zenye picha mbaya. Nunua fremu, picha achana nayo. Kabla hujalipa, igonge mara mbili juu ya karatasi nyeupe: ukidondoka unga mwembamba wa njano, wadudu wa mbao wamo ndani, na hawatakomea kwenye fremu, kabati lako ndilo litakalofuata. Kioo cha zamani kitundike ukuta unaotazamana na dirisha, sebule itaongezeka mwanga bila kuongeza luku.

Limebaki suala la bei. Kwenye fremu na kioo punguziwa mpaka muuzaji acheke, maana hakuna kati yenu aliyevitengeneza. Kwenye mkeka, ugeuze kwanza uone upande wa nyuma. Utaona ukili baada ya ukili umeunganishwa kwa mkono, na kila ukili ulianza kama jani lililokatwa, likaanikwa, likachemshwa na rangi, likachanwa chane moja moja, ndipo likasukwa. Umalize kuuangalia, kisha mlipe yule mama bei aliyoitaja.